Kamba Niliyompimia Binti Yangu

Nilimpima binti yangu kwa kamba, utosini mpaka visiginoni, kama anavyopimwa maiti. Nilifanya hivyo mchana kweupe mbele ya wenzake, kwa kujionyesha. Hapana aliyenilazimisha. Nilitaka wasichana wa chuo kikuu waone kwamba mtu aliyeishia darasa la tano ana ilimu ambayo vitabu vyao havina. Siku ya tatu mtoto akalala na homa. Kabla ya hapo nilikuwa nikisikia watu wakisema wanaogopa, nikidhani ni tabia yao tu.

Anayesoma habari za mtu ana haki ya kujua ni mtu gani. Mimi seremala. Nilikuja Muscat na begi moja na randa niliyopewa na fundi wangu wa Unguja. Leo nna karakana Darsait yenye mashine ambazo wenzangu wanaziona kwenye picha, na ukipita Bustan ukaona mlango wa msaji unaofunguka kwa kidole kimoja, usiulize kautengeneza nani. Nyumba yangu ya Al Khoudh niliijenga kabla watu hawajaanza kugombea viwanja vya huko. Sikurithi hata msumari. Kusoma Kiarabu nimejifunza kwenye mabango ya barabarani, Kiingereza nimejifunza kwa wateja, na kwa Kiingereza hicho hicho nimewauzia Waingereza makabati ya jikoni wakanishukuru. Haya nnayasema kwa sababu ni kweli, na mtu asiyesema kweli yake ataazima ya mwenziwe.

Binti yangu huyu ndiye kitinda mimba. Kaka zake walisomea mafuta na hesabu. Yeye akaja akaniambia anataka kusomea fasihi ya Kiingereza. Nikamuuliza fasihi inatengeneza nini.

"Inatengeneza watu, baba."

"Watu wanatengenezwa bure, mwanangu. Hakihitajiki chuo."

Mama yake akanikata jicho, na maneno yakaishia hapo.

Nilianza kuipenda fasihi hiyo alipofika mwaka wa tatu, Ijumaa moja tumemaliza kula wali, kila mtu kajinyoosha. Akaniambia zamani sana, karne nyingi kabla ya wale washairi wao wa maua na milima, michezo ya kuigiza ya Waingereza ilikuwa mikononi mwa mafundi.

"Mafundi gani?" nikamuuliza.

"Mafundi kama wewe. Kila chama cha mafundi kilikuwa na mchezo wake. Waokaji mikate wana wao, wafua misumari wana wao, maseremala wana wao. Wanajenga jukwaa juu ya gari la magurudumu, wanalisukuma mtaa mpaka mtaa kutwa nzima, na watu wamesimama njiani wanatazama."

"Na nani kaandika maneno?"

"Mingi haijulikani. Majina ya waandishi yamepotea."

Nilikaa kitako. Fundi hatii sahihi kwenye mlango, lakini mlango unabaki. Kumbe fasihi ya Waingereza, hiyo wanayotutishia nayo, imeanzia kwenye vumbi la randa! Wiki nzima niliwatangazia wateja wangu habari hiyo. Mmoja, Mwingereza hasa, alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa akiijua. Nikamwambia aje asome kwangu.

Binti yangu akanieleza na jambo jengine. Katika michezo ile ya kale, mtu akiingia jukwaani huanza kwa kujisifu. Hutaja nguvu zake, mali yake, hakuna kama yeye chini ya jua.

"Hayo ni majigambo," nikasema. "Hata sisi tunayo."

"Ndiyo, baba. Halafu akimaliza majigambo, Mauti anabisha hodi."

Alicheka. Mie pia nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Mtihani wao wa muhula ule ulikuwa hivi: kila kikundi kitunge mchezo wake mfupi, kwa Kiingereza, kwa mtindo wa watu wale wa zamani, na kiucheze ukumbini mbele ya walimu na wazee. Walikubaliana wasiguse habari za mitume, kwa kuwa kwetu mitume hawaigizwi. Binti yangu ndiye aliyetunga mchezo wa kikundi chake. Mauti anakuja karakana ya seremala kama mteja, anaagiza ubao, na badala ya vipimo vya kuandika anampa fundi kamba.

Mambo hayo ya kamba aliyatoa kwangu. Kwetu Unguja mtu akifa hupimwa kwa kamba, na kipimo hicho hupelekwa kwa wachimba kaburi na kwa seremala. Seremala hukata kiunza, yaani ule ubao unaomfunika maiti ndani ya mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, kabla udongo haujarudishwa. Nilivikata viunza kwa miaka sita kabla sijavuka kuja huku. Hapa Oman hufunika kaburi kwa mawe, kwa hivyo mkono wangu ulikuwa haujagusa kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Niliwahi kumhadithia mwanangu, naye akaiweka akilini, kama wanavyofanya watu wanaoandika.

"Baba, utatukatia kiunza cha kuigizia?"

"Nitakukatieni kiunza ambacho Mauti mwenyewe akikiona atauliza bei."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Wakaja karakana Alkhamisi baada ya alasiri, yeye na wenzake watatu, mabuibui yao yanafagia vumbi la mbao. Niliwaonyesha mashine zote. Nikawaonyesha mlango wa kuchonga uliokuwa ukisubiri kwenda. Kisha mmoja wao, msichana mwenye miwani, akaniuliza, "Ami, na zamani bila ya futi mlikuwa mnapimaje? Tunataka kuigiza sawasawa."

Ningeweza kumweleza kwa maneno. Ningeweza kuchukua gogo nikaliita maiti. Lakini walikuwa wananitazama wale watoto, wote wanne, na kalamu mkononi. Katika maisha yangu hapana aliyewahi kunitazama na kalamu mkononi.

"Panda hapa ulale," nikamwambia binti yangu, nikaipiga meza ya kazi kwa kiganja.

Akapanda, akalala chali, akafumba macho, akajikaza asicheke. Nikavuta kamba ya pamba, ile ya kupigia mstari. Nikafunga fundo, nikaliweka utosini kwake. Nikaishusha kamba juu ya uso, kifuani, tumboni, magotini, mpaka visiginoni, bila ya kumgusa, kwa sababu fundi akijua kazi hamgusi. Nikaongeza shubiri moja ya sanda. Nikafunga fundo la pili. Mkono ulikumbuka kila kitu. Tabu ni kwamba na ulimi ulikumbuka. Tulikuwa tukifunga fundo la pili tunasema *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun*, kila mara, na nilipolifunga nikasema.

Kalamu za wale wasichana zikasimama. Binti yangu akafumbua macho.

"Baba?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukisema," nikajibu. "Andikeni."

Wakaandika. Nami nikakata ubao wa msonobari kwa kamba ile ile, nikaupiga randa mbele yao mpaka ukateleza kama hariri, na wakanipigia makofi. Kamba nikaitia mfukoni.

Mamaangu kashapita themanini na bado hamwachii mtu afue kanzu zangu kabla yeye hajapekua mifuko. Asubuhi ya pili yake aliniita barazani. Kamba ilikuwa juu ya mapaja yake, imenyooshwa.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Hajafa mtu, mama."

"Hii nini?"

"Kamba."

"Mie sikukuuliza jina lake. Nnakuuliza kipimo cha nani."

Nikasema ni mambo ya skuli, ni mchezo. Hakunisikiliza. Alisimama kwa kujishika kitini, akakanyaga fundo moja kwa kisigino, akaipandisha kamba mbele ya mwili wake. Ilimpita kichwa.

"Toa shubiri," alisema, akitoa kwa vidole vyake. "Mwanamke. Kanizidi kidogo." Kisha akakaa, na uso wake ukabadilika. "Weye! Umempima mtoto?"

"Mama, siku ya mtu imeandikwa. Kamba haiongezi wala haipunguzi."

"Hilo nnalijua kabla yako, mie ndiye niliyekupeleka chuo cha Kurani ukalisoma." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini kamba ya maiti huingia kaburini na mwenyewe. Hii itaingia na nani?"

Akanirudishia kamba, akaniambia nisiitupe wala nisiichome mpaka ajue la kufanya, na mama yake mtoto asisikie. Aliyetufundisha kazi ile kafa zamani, hapana wa kumuuliza. Tukatoa sadaka ya mchele na nyama, majirani wakashukuru, wakauliza kuna kheri gani. Tukasema kheri tu.

Jumapili mtoto akarudi kutoka chuoni mapema, macho mekundu, anatetemeka kwenye joto la Muscat kama mtu aliyetoka kisimani. Mamaangu akamshika kipaji akasema kidingapopo. Daktari naye akasema hivyo hivyo kwa jina la kisasa, homa ya dengi, ya mbu, na akasema alazwe, kwa sababu zile chembe za damu zinazozuia mtu asitoke damu ovyo zilikuwa zinashuka.

Daktari huyu alikuwa mwanamke mpole, hasemi upesi. Kila asubuhi walimtoa damu mwanangu, na kila adhuhuri daktari alikuja na karatasi. "Zimeshuka kidogo tena," anasema. "Tunasubiri. Mkiona fizi zinatoka damu, mtuite mara moja." Hakujua alichonifanyia kwa neno hilo. Tangu hapo mwanangu akitabasamu, nnatazama fizi. Akinywa maji, nnatazama gilasi. Siku moja alikula tunda la komamanga lililoletwa na shangazi yake, na mie nikapiga kelele ukumbi mzima wa wagonjwa ukageuka.

"Baba, ni komamanga!"

"Nnajua ni komamanga."

"Basi mbona umeshika kengele?"

Mkewangu alidhani nnaogopa homa. Niliogopa homa, ndiyo. Lakini homa ina daktari. Kamba ilikuwa mfukoni mwangu, na kila daktari aliposema zimeshuka, niliigusa kwa nje ya kanzu, nikaona kama inazidi kuwa nzito. Nilikuwa nikimtazama mwanangu kitandani, kalala chali, shuka limevutwa mpaka kidevuni, na jicho langu, jicho la seremala lisilokosea hata nusu ya kidole, linampima lenyewe. Nikawa nnakaa upande wa miguu ili nisimwone urefu.

Siku ya nne kitandani alipata nguvu kidogo akaomba daftari lake. Nikamkuta amelala kiubavu, anasoma na kuandika, anacheka peke yake. Nikamwuliza nini kimemchekesha.

"Kuna mshairi wao mmoja wa zamani," akasema, "alikuwa mhubiri pia. Kabla hajafa alivaa sanda, akasimama, akachorwa. Ile picha akaiweka karibu na kitanda chake awe anaitazama."

"Alivaa sanda mzima?"

"Yu hai, ndiyo."

"Akafa lini?"

"Baba..."

"Nnakuuliza, akafa lini?"

"Baada ya wiki chache. Lakini alikuwa mgonjwa tayari! Alijua anakufa, ndiyo maana akavaa. Sanda haikumuua."

"Na weye si mgonjwa?"

Aliniangalia kama anavyoangalia ukurasa. Nikamwambia auache mchezo huo, amwambie mwalimu anaumwa, afanye mtihani mwengine. Nikamwambia watu wale wa kale walikuwa wakiishi na tauni mlangoni, hawana la kuandika ila Mauti, sisi ya nini kuwafuata? Nilisema kwa ukali, maana mtu mwenye hofu akisema taratibu atalia.

"Bibi kaniambia habari ya kamba," akasema.

Nikashika mfuko wa kanzu.

"Kanambia jana, ulipokwenda kusali. Baba, mie siogopi. Weye hujawahi kuogopa kitu, usianze leo kwa ajili yangu. Na mchezo siuachi. Nnabadilisha mwisho wake tu."

Adhuhuri ile daktari alikuja na karatasi, akaisoma mara mbili, akamwita mwenziwe. Zilikuwa zimeshuka zaidi ya siku zote. Akasema wamwangalie kwa karibu siku ile na inayofuata, na kama hazikugeuka watamtia za mtu mwengine. Nikatoka nje. Nikaingia garini, nikaendesha mpaka Darsait.

Saa saba mchana karakana huwa imefungwa. Mafundi wamekwenda kula na kulala, umeme wa mashine umezimwa, joto limejaa ndani na harufu ya gundi. Yuko mtu mmoja tu asiyeondoka, msimamizi wangu wa Kihindi, mtu wa makamo yangu, tumekuwa pamoja tangu nilipokuwa na mashine moja. Anakula chakula chake cha bati pale pale kwenye benchi. Tunazungumza Kiarabu chetu cha kazini, kisichokuwa na sarufi lakini hakijawahi kutupotezea mlango.

Njiani nilikuwa nimekumbuka jambo. Siku zenye misiba miwili, fundi wangu alikuwa akikata kamba mbili. Akisema kamba moja ina mwenyewe mmoja, ikipimia wa pili, wa kwanza kaachiliwa, na haifai kuwachanganya wafu. Nilikuwa nikiona ni maneno ya mzee. Mchana ule niliyashika kama mtu anayezama.

Nikaushusha ule ubao kutoka ukutani, nikauweka juu ya meza, nikavua kofia na viatu, nikalala juu yake. Ulikuwa mfupi, miguu yangu ilining'inia. Nikamnyoshea msimamizi kamba.

"Nipime," nikamwambia. "Anza kichwani, shuka mpaka miguuni. Ikiwa haikunitosha, ongeza kamba. Kisha funga fundo."

Akaacha kula. "Arbab," akasema, yaani bosi, "unataka kutengeneza nini?"

"Nipime tu."

"Kazi hii sitaki, arbab."

"Binti yangu anakufa," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka.

Akanawa mikono. Akaja. Sikumweleza zaidi, lakini mtu aliyeishi na mbao anafahamu. Akaliweka fundo utosini kwangu, na nikafumba macho. Nilikuwa nimeshakata shauri. Nimeishi, nimejenga, nimeoza watoto. Yeye hajaanza hata. Nilisema moyoni, nichukue mie. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kiarabu, kwa hakika.

Kamba ikapita juu ya uso. Ilinukia jasho la mfuko wangu. Ikapita shingoni, ikapita kifuani, na moyo ukawa unapiga mpaka nahisi ubao unagonga meza. Ikapita tumboni. Nilisikia baridi, saa saba mchana, Darsait, mashine za hewa zimezimwa, nilisikia baridi ya chini kwa chini kama inatoka kwenye ubao. Nikaona mwanandani. Nikaona mkono wa mtu unapanga ubao juu yangu na mwanga unakuwa mstari mmoja. Kamba ilipofika magotini, niliinuka.

Niliinuka kwa nguvu mpaka ubao ukaanguka.

"Basi!" nikasema. "Basi, inatosha."

Msimamizi akasimama na kamba mkononi. Hakunicheka, wala hakuniuliza. Aliikunja taratibu, akanipa kwa mikono miwili, akauokota ubao akautazama kama umepasuka.

"Arbab," akasema, "njoo ule kidogo."

Sikula. Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la mbao, viatu mkononi. Watu wameniona nikisimama juu ya ngazi ya ghorofa tatu bila ya kushika kitu. Watu wameniona nikigombana na wakubwa. Na pale nilikuwa nimeambiwa chagua, nikachagua, na asubuhi yake ningekwenda hospitali kumtazama yule niliyemwacha. Kitu kilichonitisha kuliko kaburi ni kwamba, pamoja na yote, nilifurahi kuwa nje ya ubao ule.

Nilimpelekea mama kamba, nikamwambia yote, kwa sababu mbele ya mama mtu hana cheo. Hakunilaumu. Hata kuniangalia hakuniangalia. Alikaa mkekani, akayafungua mafundo yote mawili kwa kucha, kisha akaanza kuipasua ile kamba uzi mmoja mmoja, anasoma anachosoma, tangu alasiri mpaka ikakaribia magharibi. Mwisho ilikuwa pamba tu, fungu la pamba kama la kujazia mto. Akalitia kwenye maji ya mrehani akalimwagia uani. "Mambo yenu ya ujinga," alisema, na ndiyo yote aliyosema.

Siku iliyofuata chembe hazikushuka. Siku ya pili yake zikapanda. Sisemi zilipandishwa na nini. Daktari alisema ndiyo kawaida ya homa ile, inashuka na mtu mpaka chini kisha inamwacha. Mama alisema Mungu. Wote wawili nimewaamini. Mie najua tu ambaye hakuzipandisha.

Mchezo ulichezwa wiki tatu baadaye. Tulikwenda ukoo mzima, mpaka mama, kawekwa mstari wa mbele na kiti chake. Binti yangu alikuwa amekonda, shingo kama ya ndege, na yeye ndiye aliyekuwa fundi, kafunga kilemba, kajichora masharubu. Aliingia akaanza majigambo kwa Kiingereza. Sikuhitaji mkalimani. Milango inayofunguka kwa kidole, begi moja na randa, hata ile ya msumari, yote yalikuwa maneno yangu, na ukumbi ukacheka, na mkewangu akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka. Kisha mlango wa jukwaani ukagongwa.

Mauti alikuwa yule msichana mwenye miwani, katika nguo za kawaida, na mkoba, kama mteja yeyote. Akaagiza ubao. Akatoa kamba. Fundi akaikunjua, akaipima kwa macho, akajua ni ya binti yake. Fundi hakusihi wala hakulia. Alivua kilemba, akalala juu ya kile kiunza changu, akasema maneno machache. Mwanangu mkubwa akaninong'oneza tafsiri: "Anasema, nipime mimi." Na Mauti akaishusha kamba, usoni, kifuani, tumboni, magotini. Nilishika kiti cha mbele yangu. Ikateremka mpaka visiginoni, na fundi hakutikisika. Taa zikazimwa.

Watu walisimama kwa makofi. Taa ziliporudi, binti yangu alikuwa anaonyesha kwa mkono mahali nilipokaa, na ukumbi mzima ukanigeukia.

"Simama," mkewangu akanifinya. "Wanakupigia weye."

Nikasimama. Maisha yangu yote nimependa kupigiwa makofi, na siku ile nilisimama mbele ya watu na jasho linanitiririka mgongoni kama mwizi anayesubiri jina lake litajwe. Mama, kule mbele, ndiye pekee ambaye hakugeuka.

Tulirudi binti yangu na mie garini, wengine wakapanda gari ya kaka yake. Alikuwa kanuna.

"Mwalimu kanikata alama," akasema.

"Kwa nini? Watu wote wamesimama!"

"Kasema ubao mzuri, majigambo mazuri, lakini mwisho si wa zama zile. Kasema katika michezo ya kale Mauti hapokei badala. Na hakuna hata mmoja anayejitoa. Wote wanaahidi, marafiki, jamaa, na saa ikifika wanakimbia. Kasema mimi nimetia mtu ambaye hayuko." Akavuta pumzi. "Nikamwambia, huyo yuko. Huyo ni babaangu."

Nilipita njia ya kutokea bila ya kuiona. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ashanipa kila kitu, na mbele ya watu.

"Mwalimu wako kasema kweli," nikamwambia.

Nikamweleza. Karakana, saa saba, msimamizi na chakula chake, ubao mfupi. Nilimweleza nikiangalia barabara. Sikuongeza kitu wala sikupunguza, na mimi si mtu wa kusimulia jambo bila ya kuliongeza. Nilipofika pale nilipoinuka, sikupaficha, nikamalizia.

Nikaanza kuogopa upya, woga mwengine, wa kwamba sasa kanijua.

"Ilifika wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Kamba. Ilifika wapi ulipoinuka?"

"Magotini."

Akafikiri. Sijui alikuwa anafikiri kama binti yangu au kama watu wale wanaoandika.

"Magotini si karibu, baba," akasema, kisha akaegemeza kichwa dirishani, kachoka, akafumba macho.

Nilihamia upande wa kulia, wa magari ya polepole, nikashika usukani kwa mikono miwili kama siku ya kwanza najifunza gari, nikaendesha polepole mpaka Al Khoudh, na nyuma yangu watu wananipigia honi.